Mtihani wa Rubani na Amana ya Abiria

Neno rubani lina umri mkubwa kuliko ndege. Kabla mwanadamu hajapata mbawa, neno hili lilikuwa mali ya bahari. Rubani alikuwa mtu aijuaye miamba, mikondo ya maji na milango ya bandari, ambaye nahodha, pamoja na ukuu wake wote, alimwachia chombo kilipokaribia mahali pa hatari. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi, haja yake kubwa ilikuwa kupata rubani. Akapata, na kwa elimu ya mtu huyo merikebu zake zikaivuka bahari zikafika Calicut. Rubani wa zama zile hakuhitaji karatasi. Ushahidi wake ulikuwa vinywa vya mabaharia waliosafiri naye wakarudi salama, na jina lake likimtangulia bandarini kabla yeye hajafika.

Rubani wa angani amerithi jina hilo, lakini hakurithi ushahidi ule. Abiria apandaye ndege Dodoma asubuhi kwenda Dar es Salaam hamjui mtu aketiye mbele yake, na aghalabu mlango uliofungwa huwatenga. Hawezi kumwuliza amejifunza nini, na kama angemwuliza, asingeweza kulipima jibu. Mnunuzi wa mtama hutia mkono katika gunia akaziona punje. Mteja wa fundi cherehani huvaa nguo akajua mahali mshono ulipopinda. Abiria hana gunia la kutia mkono wala nguo ya kujaribu. Kilichobaki kumlinda ni karatasi ambayo yeye mwenyewe hataiona: leseni. Basi leseni ni barua ya ushuhuda. Mtahini ndiye mwandishi wake, rubani ndiye mchukuzi wake, na abiria ndiye aliyeandikiwa, ijapokuwa hataisoma. Kutokana na hali hiyo huzuka swali lisilokuwa la ufundi peke yake, bali la maadili: mtu ajiandaaye kwa mtihani wa kupata barua hiyo, hujiandaa kwa ajili ya nani?

Ili swali hili lipimwe vizuri, yafaa kwanza kuijua leseni yenyewe. Kanuni zake za msingi zinatokana na Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa, uliotiwa sahihi Chicago tarehe 7 Desemba 1944. Na katika Tanzania mtoaji wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Leseni ziko za daraja mbalimbali. Mwenye leseni ya binafsi aweza kurusha ndege na kuwachukua jamaa na rafiki zake, lakini hana ruhusa ya kupokea ujira kwa kazi hiyo. Leseni ya biashara humwondolea mwiko huo. Tofauti hii yaonekana kuwa ya fedha, lakini kwa kweli ni tofauti ya wajibu. Rafiki hupanda ndege ya rafiki kwa mapenzi. Anamjua tabia, na akiona shaka aweza kubaki nyumbani. Mlipaji wa nauli hupanda kwa sababu ameambiwa kwamba shaka yake imekwisha kuondolewa na wengine. Ujira wa rubani, basi, si bei ya kuishika usukani ndege kwa muda wa safari; ni bei ya imani iliyotolewa na mtu asiyekuwa na njia ya kuihakiki.

Kwa sababu ya uzito huo, kanuni za kimataifa hazikuifanya leseni ya biashara kuwa kitu chepesi. Mwombaji sharti awe ametimiza miaka 18, na apasishwe na daktari kwa daraja la kwanza la afya. Sharti awe ameruka saa 200, au saa 150 ikiwa amefunzwa kwa utaratibu uliokubaliwa mfululizo katika chuo. Katika saa hizo sharti iwemo safari moja ya kilomita 540 au zaidi, aliyoiongoza mwenyewe na kutua katika viwanja viwili tofauti. Huo ni umbali unaozidi ule wa barabara kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam. Kisha kuna mitihani ya kuandika: sheria za anga, hali ya hewa, uzito na mizani ya ndege, mwendo wake, na njia za kuutafuta mwelekeo. Mwisho wa yote huja siku ambayo mtahini huketi kando ya mtahiniwa, nao wakapaa pamoja.

Siku hiyo kila jambo hutazamwa. Mtahiniwa huulizwa habari za mafuta, upepo na mzigo kabla injini haijawashwa. Angani huagizwa akunje kona kali, aipunguze kasi mpaka mbawa zianze kupoteza nguvu ya kuinua kisha aiokoe ndege, aiache njia aliyoipanga na kutafuta uwanja mwingine kwa ramani na saa. Katika mitihani ya nchi nyingi ataruhusiwa kupotea futi 100 tu juu au chini ya mwinuko alioagizwa, na nyuzi 10 tu za mwelekeo. Tena, pasipo kumwonya, mtahini huirudisha nguvu ya injini nyuma kana kwamba imezimika, akamtazama kijana atachagua wapi pa kutua. Mambo haya yote yaweza kuhesabiwa kwa namba, na namba hazina upendeleo. Lakini kila kipimo kina udhaifu wake, nao ni huu: kitu kipimwacho chaweza kujifunza umbo la kipimo.

Udhaifu huo haukuanza angani. Watu wa Kikuyu, katika jiji la Dodoma, wanaujua tangu zamani, kwa kuwa Kikuyu ni mahali pa wanafunzi. Hapo ndipo ilipokuwa shule ya sekondari ya Mazengo, iliyopewa jina la mtemi mashuhuri wa Wagogo, na hapo ndipo mwaka 2007 kilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana katika majengo yale yale. Mahali penye mitihani hapakosi hekima ya mitihani. Mwanafunzi huitafuta karatasi ya mwaka jana na ya mwaka juzi, huuliza mwalimu gani ametunga, hupima lipi limekwisha kuulizwa na lipi bado. Mwalimu Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliulalamikia mtihani wa namna hiyo, kwamba hupima uwezo wa kuyakumbuka mambo na kuyatoa yanapotakiwa, lakini haupimi tabia ya mtu wala utayari wake wa kuwatumikia wenzake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likajaribu kuurekebisha upungufu huo kwa kutaka kazi na mwenendo wa mwanafunzi navyo vihesabiwe. Wengi wameyabishia mafanikio ya jaribio hilo, lakini ukweli wa lalamiko lenyewe ni mgumu kuubisha.

Na achukuliwe kijana wa mfano, mzaliwa wa Kikuyu, ambaye saa zake zimetimia na siku ya mtihani wake imekaribia. Wenzake waliomtangulia wanamweleza mazoea ya mtahini. Wanamwambia kwamba baada ya kuuacha mji nyuma, karibu na mbuyu fulani, mtahini huizima nguvu ya injini. Na kwamba upande wa kushoto liko shamba refu la uwele, lisilokuwa na kisiki wala korongo, ambalo kila aliyelichagua amefaulu. Kijana analiendea shamba hilo mara tano kabla ya siku yake. Anajua ageukie wapi, ashushe kasi lini, aseme nini redioni. Siku inafika, injini inanyamaza karibu na mbuyu, naye analiendea shamba kama mtu anayerudi kwao. Mtahini anaridhika. Hakuna uongo uliosemwa. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Je, kuna aliyedanganywa?

Mtetezi wa kijana huyo ana maneno ya kutosha. Atasema kwamba mtihani ni mapatano: mwenye kutoa leseni ameweka masharti, na mwenye kuyatimiza amelipa deni lake lote. Atasema kwamba kuuliza habari za njia si kosa, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mwenye bidii ya kuuliza ameinama kuliko mwenzake aliyekaa kitako. Atasema pia kwamba mambo ya angani hayana mwisho, na hakuna awezaye kujiandaa kwa yote. Basi si haki kumlaumu mtu aliyejiandaa kwa yale atakayoulizwa. Hoja hizi si za kupuuzwa. Ya pili na ya tatu zina kweli ndani yake, na jibu lolote lisiloikubali kweli hiyo litakuwa jibu la mtu asiyepata kufanya mtihani.

Lakini ya kwanza imejengwa juu ya kosa. Mtihani wa rubani si mapatano ya watu wawili. Laiti ungalikuwa hivyo, mtahini aliyeridhika angelitosha kuwa mwisho wa shauri. Lakini mtahini hanunui kitu kwa ajili ya nafsi yake. Yeye ni wakili. Amewekwa pale kwa niaba ya watu wasiokuwapo: mama atakayepelekwa hospitali usiku kwa ndege ndogo, mfanyabiashara, mtoto asiyejua hata jina la chombo alichopandishwa. Ampaye wakili picha isiyokuwa sawa na hali yake amewapa picha hiyo waliomtuma wakili. Wakili akikosea kwa kupotoshwa, hasara haiwi yake. Na hapa ndipo jibu la swali lilipo: kijana amelitenda lililo halali, lakini ushuhuda uliotoka katika tendo lake si wa kweli. Leseni itasema, "Huyu aweza kuchagua mahali pa kutua." Iliyo kweli ni kwamba aweza kutua katika shamba la uwele karibu na mbuyu.

Hapana budi kutenganisha maandalio ya namna mbili, ambayo kwa macho hufanana. Moja ni kujijenga, jingine ni kujipamba. Ajengaye huulizia shamba la mbuyu, hulizoea, kisha huuliza: shamba hili limefaa kwa nini? Hujifunza kuutambua upepo kwa vumbi na moshi, kuupima mteremko, kuitambua ardhi laini ya bonde na mchanga wa mto uliokauka. Akaenda kujizoeza mahali ambapo hakuna aliyemsimulia. Ajipambaye huishia kwenye jibu. Wote wawili waweza kupata alama moja, na wote wawili wameuliza habari zile zile. Tofauti yao haimo katika walichokijua, bali katika walichokitaka. Mmoja ametaka kuwa, mwingine ametaka kuonekana. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini angani methali hii ina ubaya mmoja, kwamba mnunuzi hupata habari ya kibaya baada ya kukwisha kukinunua, na pengine asiwepo tena wa kukirudisha.

Nyanda za kati zenyewe ni mwalimu mzuri wa tofauti hiyo. Dodoma si mgeni wa ndege: mwaka 1932, shirika la Imperial Airways la Uingereza lilipoanza safari za kila juma kati ya London na Cape Town, Dodoma ilikuwa mojawapo ya vituo vya njiani, baina ya Moshi na Mbeya. Uwanja wake uko juu ya usawa wa bahari kwa futi 3,600 na zaidi. Huo ndio mwinuko wa ramani, lakini ndege haisomi ramani; ndege huisoma hewa. Hewa ya moto ni nyepesi, na katika hewa nyepesi mbawa hushika kidogo, na injini hupumua kidogo. Joto likifika nyuzi 31, kama lifanyavyo mwezi wa Novemba kabla ya mvua, hewa ya Dodoma huwa sawa na hewa ya kawaida ya futi 6,400 hivi. Ndege ndogo iliyopaa kwa wepesi pwani asubuhi huhitaji hapo njia ndefu zaidi kwa nusu au hata kupita nusu, na ikisha kupaa hupanda kwa uvivu.

Kanuni ya kuipata hesabu hii haijazi nusu ya ukurasa, na kila mtahiniwa huiweza. Mtihani wa kuandika humwuliza, naye hujibu barabara. Lakini kuijibu karatasini ni jambo moja, na kuitii saa nane mchana ni jambo lingine. Wakati abiria watatu wamekwisha kupanda na mizigo yao, mmoja ana mgonjwa, mwingine ana mkutano, nayo hesabu inasema kwamba mmoja wao hana budi ashuke. Hapo aliyejifunza hesabu kwa ajili ya mtahini hukumbuka kwamba mtahini hayupo. Aliyejifunza kwa ajili ya abiria hukumbuka kwamba abiria yupo. Elimu yao ni moja. Wasikilizaji wao ndio wawili.

Yamkini msomaji atadhani kwamba ustadi mkubwa humwondolea mtu haja ya uaminifu huu mdogo mdogo. Historia yakataa. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton katika jimbo la Ohio, Marekani, ndege mpya ya Boeing yenye injini nne ilijaribiwa mbele ya wakuu wa jeshi. Aliyeishika usukani alikuwa Meja Ployer Hill, mkuu wa majaribio ya ndege mahali hapo. Ndege ilipaa, ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka na kuungua. Hill na mwenzake, Leslie Tower, wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba kifungio kinachozuia sehemu za mkia zisipeperushwe na upepo chini hakikufunguliwa. Hakikuwa kitu cha siri wala cha shida. Ni kitu kilichosahauliwa. Dawa iliyopatikana haikuwa kumtafuta rubani mwenye akili zaidi, maana wa namna hiyo ndiye aliyekuwako. Dawa ilikuwa karatasi: orodha ya mambo ya kukagua, isomwayo moja moja kabla ya kupaa.

Katika siku za mtihani orodha hiyo husomwa na kila mtu kwa sauti nzuri. Mtahiniwa huigusa kila swichi kwa kidole na kulitamka jina lake. Jambo la kuulizwa ni kama ataisoma hivyo hivyo asubuhi ya mara elfu, akiwa peke yake, katika uwanja wa mchanga usiokuwa na mnara wala shahidi. Orodha ni maungamo ya kila siku kwamba mwanadamu husahau. Aisomaye kwa ajili ya alama ameigeuza maungamo kuwa nyimbo.

Lakini mazungumzo ya maadili yasiyotaja fedha ni kama mashua isiyogusa maji. Kijana wa Kikuyu hakufika hapo alipo kwa nguvu zake peke yake. Zamani vijana wa Tanzania, Kenya na Uganda walikuwa na chuo chao cha pamoja cha urubani Soroti, katika Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1971. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ushirika huo nao ukakatika. Siku hizi mara nyingi mzigo wa mafunzo huwa juu ya jamaa. Kila saa ya angani ina bei, na bei yake ni kubwa. Mjomba ameuza ng'ombe. Shangazi ametoa fedha za mavuno ya zabibu. Kaka ameahirisha mahari. Kijana akishindwa mtihani, atahitaji saa nyingine, ndege nyingine, na ada nyingine. Mbele yake kuna madeni mawili: deni la jamaa, wenye majina na nyuso na machozi; na deni la wageni, ambao bado hawana jina wala uso. Si ajabu deni la kwanza kupiga kelele zaidi.

Hapa ndipo vishawishi vizito huzaliwa, kupita kile cha shamba la uwele. Daftari la saa lingali mkononi mwa mwenyewe. Kuongeza saa mbili ambazo hazikurukwa ni kazi ya kalamu. Anajiambia kwamba saa mbili katika mia mbili si kitu, na kwamba anafanya hivyo kwa huruma ya mjomba. Lakini saa katika daftari si sarafu, ambayo moja yaweza kukaa mahali pa nyingine. Kila saa ni ahadi kwamba mtu huyu alikutana na upepo fulani, na wingu fulani, na hofu fulani, akatoka. Saa ya kalamu haikukutana na kitu.

Tena madhara yake hayamwishii mwenyewe. Mwezi wa Juni 2020, mwezi mmoja baada ya ndege kuanguka Karachi, waziri wa usafiri wa anga wa Pakistan aliliambia bunge la nchi yake kwamba leseni za marubani 262 zilikuwa na shaka, kwa kuwa ilidhaniwa wengine ndio waliowafanyia mitihani. Hesabu hiyo ilibishaniwa baadaye, na katika hao walikuwamo walioondolewa shaka. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Ulaya ikalifungia mlango shirika la ndege la nchi hiyo kwa zaidi ya miaka minne, na marubani waaminifu wakatazamwa kwa jicho lile lile la waongo. Mwenye leseni ya uongo, basi, huiba mara mbili: humwibia abiria usalama wake, na humwibia mwenzake heshima ya leseni ya kweli. Barua za ushuhuda hufanana kama noti. Ikijulikana kwamba ziko za bandia, hata ya halali huinuliwa juu ikatazamwa kwenye mwanga.

Je, deni la jamaa litalipwaje? Litalipwa kwa njia moja tu, nayo ni kijana kuwa kweli kile ambacho jamaa wameambiwa kwamba atakuwa. Mjomba hakuuza ng'ombe ili anunue karatasi. Aliuza ili ukoo upate rubani. Kumrudishia karatasi mahali pa rubani ni kumlipa kwa sarafu aliyoghushiwa yeye mwenyewe. Tena mjomba ni abiria. Siku moja atapanda ndege ya mtoto wa mtu mwingine, ambaye naye alikuwa na mjomba wake, na ng'ombe wake, na shamba lake la uwele. Hapo madeni mawili yaliyoonekana kupingana hugeuka kuwa deni moja. Kila mwenye jamaa ni mgeni katika ndege ya mwingine.

Yapo mambo mawili ambayo mtihani hauwezi kuyapima sawasawa, nayo ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote: kukiri na kukataa. Kukiri ni kusema, "Nimepotea futi mia mbili, ninarejea," kabla mtahini hajasema. Kukataa ni kusema, "Hali hii siiwezi leo." Katika desturi ya mitihani hiyo mtahiniwa huhesabiwa kuwa mkuu wa chombo, naye ndiye aamuaye kama hali ya hewa yafaa. Upepo wa mashariki wa kiangazi ukivuma na vumbi lake kukata njia ya kurukia, ni haki yake kuahirisha. Na kama ameikaribia ardhi na kuona kwamba kutua kwake si kuzuri, ni haki yake kutia nguvu, kupaa tena, na kuzunguka. Tendo hilo halihesabiwi kuwa kushindwa. Mara nyingi ndilo tendo bora la siku. Lakini ni gumu, kwa kuwa mtahini amesafiri, ndege imelipiwa, na mjomba anangoja simu. Kutangulia si kufika, husema Waswahili. Na kuahirisha si kukosa.

Ugumu wa kukataa hauwaachi hata wakuu. Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 zilikuwa katika uwanja mmoja wa kisiwa cha Tenerife, penye ukungu. Rubani mkuu wa ile ya shirika la KLM la Uholanzi, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa mkuu wa mafunzo ya marubani wa ndege za namna ile. Yeye aliwafundisha na kuwapima wengine. Saa za kazi zilikuwa zikiisha, na haraka ilikuwapo. Akaanza mbio za kupaa bila ya ruhusa kamili. Fundi wa injini aliyekuwa nyuma yake akauliza kama ndege nyingine ilikuwa imekwisha kutoka njiani. Akajibiwa kwa uhakika kwamba imetoka. Haikuwa imetoka. Watu 583 wakafa. Hapana karatasi ambayo mtu yule alikuwa ameikosa, wala mtihani ambao asingelifaulu. Kilichokosekana dakika ile ni kulipokea swali la mdogo wake na kuzirudisha nyuma nguvu za injini. Mtihani wa kweli ulikuja bila ya mtahini, katika sauti ya unyonge kutoka kiti cha nyuma.

Haitakuwa haki kuutwika mzigo huu wote juu ya mtahiniwa. Mtahini azimaye injini karibu na mbuyu ule ule kila mwaka amewafundisha vijana kuukariri mbuyu. Mkufunzi ajisifuye kwa idadi ya waliofaulu, asiulize waliruka namna gani mwaka wa tano, amegeuza chuo kuwa duka. Na jamii imwonayo aliyeshindwa mara moja kuwa ameaibisha ukoo imemfundisha kuficha. Kushindwa mtihani wa rubani ni aibu ndogo yenye huruma kubwa: ni onyo lililotolewa mahali ambapo mtu mwingine alikuwa tayari kushika usukani. Huko mbele onyo kama hilo huja bila ya mshikaji.

Hata hivyo, mzigo wa mwisho haubebeki na mwingine. Mwamba ngoma huvutia kwake, na kila mtu akijipima mwenyewe huivuta ngozi upande ulio rahisi. Kwa hiyo mtihani wahitajika. Bila huo kila mmoja angejipa leseni. Lakini mtahini huishika ngozi kwa muda wa saa mbili tu, kisha hushuka, hutia sahihi, huenda zake. Tangu hapo rubani huishika peke yake maisha yake yote. Ajiandaaye kwa ajili ya saa mbili hizo amejiandaa kwa sehemu ndogo kabisa ya kazi yake. Ajiandaaye kwa ajili ya watu waketio nyuma ya mlango uliofungwa atazifaulu saa mbili hizo kwa kuzipitia, kama msafiri wa reli aipitaye Dodoma akielekea Kigoma. Na abiria, asiyejua lolote katika haya, atafunga mkanda wake, ataegemeza kichwa, atalala. Usingizi wake ndio amana aliyoiweka mikononi mwa mtu asiyemjua.